Jarida dogo la fasihi Mwanza, kurasa 48 na nakala 200: tuanzie wapi?

KalamuYaIgoma

Wakuu, habari za jioni. Tuko wanne hapa Mwanza: wawili Igoma, mmoja Nyegezi, mmoja Kirumba. Tunataka kutoa jarida dogo la Kiswahili, hadithi fupi na mashairi, la waandishi ambao hawajawahi kuchapishwa popote. Vijana wanaoandika Kanda ya Ziwa ni wengi, wengine kwenye madaftari, wengine kwenye simu, ila hadithi moja nzuri ikishakamilika haina pa kwenda. Mchapishaji wa vitabu anataka mswada wa kitabu kizima.

Mpango wetu ni mara mbili kwa mwaka, ukubwa wa A5, kurasa 48, nakala 200. Fedha ya toleo la kwanza tumeshachanga. Naomba mwongozo wa vitendo: kazi zipokelewe vipi, zihaririwe vipi, wa steshenari tumwambie nini, na vibali. Pia mniambie majarida ya aina hii hukwama wapi, tupajue mapema.

---

MezaYaMhariri

Hongereni, na kazi hii inahitajika sana huku kwetu. Nianze na jambo ambalo watu huliweka mwisho: ukubwa wa jarida uamuliwe na idadi ya kazi mnazoweza kuzihariri vizuri.

Hadithi ya maneno 2,000 ya mwandishi anayeanza hula saa 8 hadi 10 za mhariri. Kuna kuisoma mara mbili bila kushika kalamu, kuandika barua ya maoni, kusoma rasimu ya pili, kunyoosha lugha, halafu prufu, yaani kuisoma nakala ya mwisho kusaka makosa kabla ya kuchapa. Kwa watu wanne wenye shughuli zao, hadithi 4 na mashairi 8 kwa toleo zinatosha kabisa. Kurasa nazo zinakubali: ukurasa wa A5 wenye herufi za pointi 11 hubeba maneno 300 hivi, kwa hiyo hadithi moja ni kurasa 7, hadithi nne ni 28. Mashairi yape kurasa 10, insha au mahojiano 4, kurasa za mwanzo na wasifu wa waandishi 4. Umefika 46. Mbili zilizobaki mpeni mchoraji.

Jarida linalopokea hadithi kumi na mbili na kuzichapa kama zilivyokuja linageuka ubao wa matangazo. Kijana anaona jina lake, anafurahi wiki moja, na hadithi yake ya pili inakuja na makosa yaleyale ya ile ya kwanza.

Wito wa kazi uwe mfupi na usiwe na mafumbo. Taja urefu (hadithi maneno 1,500 hadi 2,500, mashairi yasiyozidi 3), tarehe ya mwisho, siku mtakayojibu, na kile mwandishi atakachopata. Wiki 6 za kupokea zinatosha. Ukiacha miezi mitatu, watu wataahirisha hadi wasahau. Kompyuta wengi hawana, kwa hiyo msikatae kazi iliyobandikwa ndani ya barua pepe au kutumwa kwa WhatsApp, ila iwe namba moja tu, ya jarida, na mtu mmoja aihamishie kwenye faili siku hiyohiyo. Mwenye daftari tu apige picha kurasa zake kwa mwanga wa mchana, nanyi mmchapie.

Mpokeaji huyo aondoe jina, aipe kazi namba (H01 hadithi, S01 shairi), kisha aijaze kwenye jedwali: namba, tarehe iliyoingia, msomaji wa kwanza, msomaji wa pili, uamuzi, tarehe ya kujibu. Safu ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote. Majarida mengi madogo hupoteza waandishi kwa kukaa kimya. Kila kazi isomwe na wawili, kila mmoja aandike mistari mitatu kabla hawajaongea. Wakipishana, wa tatu asome. Mkianza kwa kujadiliana kabla ya kuandika, mwenye sauti kubwa ndiye atakayechagua.

Mnayemkataa mjibuni naye. Barua ya sentensi tatu inatosha ikiwa inataja kitu kilichomo ndani ya kazi yake: "Tumeisoma hadithi yako ya mwenye bodaboda na mzigo wa mkaa. Mazungumzo ya pale kituoni yametushika. Tumeiacha kwa sababu baada ya ukurasa wa tatu mzigo haurudi tena, na msomaji alikuwa anausubiri." Huyo ataandika tena. Aliyeandikiwa "kazi yako haijakidhi vigezo" hajui hata aanze kurekebisha wapi.

Sasa uhariri wenyewe. Chukua mwanzo wa aina hii, mtaupata sana:

"Ilikuwa ni asubuhi na mapema ambapo jua lilikuwa limechomoza. Neema ambaye alikuwa ni msichana mwenye umri wa miaka kumi na saba aliamka kutoka usingizini na kwenda mwaloni ambako mama yake alikuwa akiuza dagaa. Alikuwa na huzuni sana moyoni mwake."

Mhariri asiye na subira ataiandika upya mwenyewe, na hapo hadithi imeshakuwa yake. Fanya hivi: pigia mstari "ambapo", "ambaye" na "ambako", zilizofuatana ndani ya sentensi mbili, umkumbushe mwandishi kwamba Kiswahili kina "aliye" na "alikouza". Umri wa Neema uulize: unahitajika hapa, au utajitokeza pale atakapozungumzia shule? Kisha uliza maswali ambayo yeye peke yake anaweza kuyajibu. Mama anapima kwa sado au anauza kwa gunia? Neema akifika, anashika nini kwanza? Huzuni hiyo ni ya kitu gani, na mama anaijua?

Mwandishi anarudi na kitu kama hiki: "Neema alimkuta mama ameshapima sado tatu. Hakumsalimia. Alivuta ungo, akaanza kuwapepeta dagaa ili mchanga utoke." Sentensi ni zake mwenyewe, na neno "huzuni" halikuhitajika tena.

Msimpe mtu maoni zaidi ya matano kwenye raundi ya kwanza, na yawe ya hadithi yenyewe: nani anataka nini, nini kinamzuia, mwisho umetokana na nini. Tahajia na alama ziwe raundi ya pili. Ukimrudishia mtoto wa watu karatasi nyekundu tupu, atarekebisha koma zote na hadithi itabaki palepale. Tumieni kile kipengele cha Word kinachoonyesha mabadiliko kwa rangi, na kila badiliko mwandishi alikubali au alikatae kabla ya kuchapa.

Kasoro tatu zitarudi kila msimu. Nyakati kuchanganyika: aya inaanza na -li-, inaingia -na-, inatoka na hu-, bila sababu. Ile -ka- ya kufuatisha matendo ikitumika mara kumi mfululizo bila kupumzishwa na -li-, msomaji anachoka asijue kwa nini. Na mwisho wa ndoto au wa mawaidha. Hapo mwombeni mwandishi afute aya ya mwisho asome tena. Mara nyingi hadithi ilikuwa imeshaisha aya moja kabla.

Prufu isomwe na wawili, mmoja akitamka kwa sauti pamoja na alama, mwingine akifuata kwenye karatasi. Kwenye skrini macho huruka.

---

WinoNaRimu

Nijibu upande wa uchapaji.

Jarida la pini za katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4, na 48 iko sawa. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa ni kurasa 4 za A5, kwa hiyo nakala moja ni karatasi 12, nakala 200 ni karatasi 2,400. Rimu moja ni 500, nunueni rimu 5; zile 100 zinazozidi ni za kuharibika, na zitaharibika. Ndani tumieni gramu 80. Jalada gramu 250, karatasi 200 na 10 za akiba.

Upangaji: kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi, ukijumlisha namba zake ipatikane 49. Yaani 48 na 1 pamoja, nyuma yake 2 na 47, endelea hivyo hadi 24 na 25 katikati. Jumla isipotoka 49 popote, simamisha kazi. Programu za PDF zina chaguo la kuchapa kijitabu linalofanya hesabu hiyo lenyewe, lakini kwenye printa chagua igeuzie karatasi upande mfupi. Ukichagua upande mrefu, kila ukurasa wa nyuma utatoka kichwa chini, na utagundua baada ya nakala ya arobaini.

Pambizo la ndani liwe milimita 15 na la nje 12. Karatasi 12 zikikunjwa pamoja, zile za katikati husukumwa nje kwa milimita moja na ushee, na kisu kikipita kunyoosha kingo kinazila zaidi. Mwenye pambizo la milimita 6 hukatiwa namba za kurasa. Picha ya jalada inayofika ukingoni ivuke milimita 3 kila upande, la sivyo itaachwa na mstari mweupe. Picha ziwe na nukta 300 kwa inchi. Zile zilizopitia WhatsApp zimeshabanwa, mwombeni mchoraji azitume kama faili au kwa barua pepe. PDF ibebe fonti zake ndani. Msipeleke Word dukani: kompyuta ya pale isipokuwa na fonti yenu, mistari inahama na kurasa 48 zinakuwa 51.

Kuhusu mashine, kwa nakala 200 ulizieni bei ya Riso, ile ambayo shule huchapia mitihani. Hukata masta (karatasi nyembamba inayotobolewa ili ipitishe wino) moja kwa kila upande wa karatasi. Kwa A4 mnahitaji masta 24. Mashine ikiwa ya A3, masta 12, halafu karatasi inakatwa kati. Gharama kubwa iko kwenye masta, kwa hiyo nakala zikiongezeka bei ya kila moja inashuka haraka. Chini ya nakala 50 hivi, printa ya kawaida ya leza huwa nafuu. Wino wa Riso hukauka kwa kunyonywa na karatasi: usiuweke kwenye karatasi ya kung'aa, na upande wa kwanza upumzike saa kadhaa kabla ya kugeuza, ama maneno ya ukurasa mmoja yatajipiga kwenye mwenzake. Jalada lenye rangi lichapwe pembeni kwa leza.

Wakati wa masika, na hata vuli huku kwetu kando ya ziwa, karatasi iliyoachwa wazi usiku kucha hunyonya unyevu, hujikunja, na hukwama ndani ya mashine. Rimu ifunguliwe siku ya kazi.

Kabla ya kukunja jalada la gramu 250, liminywe mstari wa mkunjo kwanza. Likikunjwa hivihivi, wino hupasuka mgongoni na jarida linaonekana kuukuu siku ya kwanza. Pini mbili kwa stepla ya mkono mrefu, kisha kingo tatu zikatwe. Na daima chapa nakala MOJA kamili, ikunje, ipige pini, isome mwanzo hadi mwisho, isaini, ndipo useme endelea.

---

KalamuYaIgoma

Asanteni sana, wakuu. Hesabu ya 49 nimeibandika ukutani. Niongeze maswali mawili. Mashairi: tuchukue ya kimapokeo tu au na mashairi huru? Na lugha: kazi tulizoanza kupata zina "harafu", "mala moja", pamoja na maneno ya Kisukuma na Kikerewe. Tusahihishe yote?

---

ShadaLaMizani

Kaka, chukueni yote mawili. Mwandishi Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Namagondo, Ukerewe, alitoa diwani ya mashairi huru mwaka 1974, na mabishano yaliyofuata, kama hayo ni mashairi kweli, yameshamaliza nguvu za kutosha. Ila kila aina ipate msomaji anayeijua. Shairi la kimapokeo linapimwa kwa kanuni lilizojichagulia lenyewe. Shairi huru ulizeni kwa nini mstari umekatwa pale, na kama mwandishi hana jibu, aliandika nathari.

Kwa tarbia (shairi la mistari minne kila ubeti) ya mizani, yaani silabi, 16 kwa mstari, hesabuni kwa kidole, silabi moja baada ya nyingine. Mstari kama huu utawapita:

"Mtumbwi wapasua maji, taa zawaka gizani"

Kipande cha pili kiko sawa: ta-a-za-wa-ka-gi-za-ni, nane. Cha kwanza mwandishi amehesabu mtu-mbwi-wa-pa-su-a-ma-ji, akapata nane, akaridhika. Lakini ile m ya mwanzo inasimama peke yake: m-tu-mbwi-wa-pa-su-a-ma-ji, tisa. Ukiuimba unasikia unavyojikwaa. "Mtumbwi wakata maji" ni nane, na picha haijaharibika. Kosa hili la m na n ndilo la kwanza kwa wanaoanza: "mtu" ni mizani mbili, "nchi" ni mbili, na "ndege" nayo ni mbili kwa sababu n yake imeungana na d. Mwelezeni mwandishi sababu mara moja tu, hatalirudia.

Vina viangalieni vya kati na vya mwisho kwa safu, kutoka juu kwenda chini. Kina kilicholetwa na neno lisilo na kazi, "kwa yakini", "nasema nami", kinaonekana haraka. Mwambieni abadilishe mshororo mzima kuliko kutafuta neno la kuziba.

Kwenye kurasa, ubeti usikatwe katikati na kuvukia ukurasa wa pili. Shairi liegemee kushoto.

Sasa ile L na R. Kwenye masimulizi sahihisheni bila kusita. Kwenye kinywa cha mhusika muulizeni mwandishi: anataka mzee huyu asikike hivi? Akisema ndiyo, basi mzee aseme hivyo kila anapofungua mdomo. Hatari kubwa iko kwenye maneno ambayo yote mawili ni Kiswahili sahihi, maana kompyuta haitayapigia mstari. Mahali na mahari. Kalamu na karamu. Kula na kura. Hali na hari. "Alimpeleka mahari pazuri" inapita chujio lolote la tahajia. Tengenezeni orodha ya jozi hizo, na kila kazi iliyokubaliwa itafutwe neno kwa neno kwenye faili kabla ya prufu.

Maneno ya Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kihaya, yaacheni yakae, wala msiyalaze kwa herufi za mshazari kama wageni. Yasifuatwe na tafsiri kwenye mabano pia. Mwandishi aiache sentensi ifanye kazi hiyo. "'Mwangaluka,' alisema bibi, na mtoto akapiga goti kuitikia." Asiyejua Kisukuma ameshaelewa ni salamu. Tahajia ya maneno hayo ndiyo iangaliwe na mzungumzaji halisi, hasa ng' na sauti ndefu.

---

Nansio_Kivukoni

Jambo moja halijaguswa: ukweli wa mahali. Msomaji wa hapa akikuta kosa moja la ziwa, haamini tena hata machozi ya mhusika.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Mbalamwezi ikijaa taa haivuti, wavuvi hupumzika siku kadhaa, nyavu zinashonwa, mwalo unapoa. Kwa hiyo hadithi yenye mwezi mpevu unaomulika mitumbwi ya dagaa ikivua ni lazima irudi kwa mwandishi. Tena asifute tu mwezi: siku za mbalamwezi zina hadithi zake, fedha hakuna, madeni yanadaiwa, vijana wako bure.

Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950, na wingi wake uliokuja kubadilisha biashara ni wa miaka ya 1980. Babu anayevua sangara mwaka 1935 hayupo. Mpeni ningu, sato au furu. Kigongo kwenda Busisi kulivukwa kwa kivuko hadi daraja lilipofunguliwa Juni 2025, hivyo hadithi ya 2010 iwe na foleni ya magari na wauza mahindi. MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba kuja Mwanza. Watu wengi wataleta hadithi za meli hiyo. Tarehe na uelekeo viwe sahihi, na majina ya marehemu wa kweli yasitumike. Familia ziko hapa.

Kwa kila kazi iliyokubaliwa, mmoja wenu achore mstari chini ya kila tarehe, mahali, chombo, samaki, bei na umbali, kisha athibitishe. Ni kazi ya nusu saa kwa hadithi moja.

Na wito usiishie mjini. Aniceti Kitereza wa hapa kisiwani Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Tafsiri yake ya Kiswahili ilichapishwa 1980, na mwaka uliofuata mzee akafariki. Miaka 35 mswada ulikuwepo na watu wa karibu walijua upo. Tumeni karatasi za wito kwenye boti zinazokuja Nansio, mzibandike mbao za matangazo za shule za sekondari, gatini, na kwenye maduka ya mialoni. Sengerema, Musoma na Bukoba mzigo mdogo wa basi unafika. Majibu yaende pia kwa SMS ya kawaida, maana bando haipo kila siku.

---

DaftariLaHesabu

Vibali na fedha, kwa ufupi.

Chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, jarida linalotoka kwa vipindi linahesabiwa kuwa chombo cha habari cha kuchapwa, na leseni yake hutoka Idara ya Habari, MAELEZO. Waandikieni kabla ya toleo la kwanza, mpate masharti ya sasa kwa maandishi. Vikundi vingine huanza kwa kutoa mkusanyo mmoja wa hadithi na mashairi kama kitabu, chenye ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) inayoombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, huku wakijipanga kwa jarida kamili. Naona ni njia nzuri kwenu: inawapa kitu cha mkononi cha kuonyesha. Mkitaka kuweka kazi mtandaoni, someni kwanza Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) za mwaka 2020 na marekebisho yake, mjue kundi lenu.

ISBN ina tarakimu 13 na ni ya kitabu kimoja. ISSN ina 8 na ni ya jina la jarida, hubaki ileile toleo baada ya toleo. Ukibadilisha jina unaomba nyingine, kwa hiyo jina lichagueni kwa utulivu. Toleo la mtandaoni lina ISSN yake.

Hakimiliki: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mwandishi tangu kazi ilipoandikwa, hata asipoisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ninyi mnaomba ruhusa tu. Mkataba wa ukurasa mmoja utaje haya: mnapewa haki ya kuchapa mara ya kwanza kwenye toleo namba fulani; kazi inabaki mali ya mwandishi; baada ya miezi 6 yuko huru kuichapa kokote akitaja kwamba ilitoka kwenu kwanza; mabadiliko yote atayaona kabla; atapata nakala 2 na kiasi fulani cha fedha, hata kiwe kidogo, siku fulani. Msichukue "haki zote". Kijana akija kupata mchapishaji wa kitabu, karatasi hiyo ndiyo itakayomzuia. Aliye chini ya miaka 18 asainiwe na mzazi au mlezi.

Nakala 200 hamtauza 200. Waandishi, mchoraji na mwandishi wa insha tuseme ni 11, nakala mbilimbili ni 22. Tano za kumbukumbu yenu. Ishirini za maktaba ya mkoa, shule na chuo pale Malimbe. Zimebaki 153. Kwa hiyo mkipanga bei, gawanyeni gharama yote kwa 100. Mkigawanya kwa 200, toleo la pili halitatoka, na hapa ndipo majarida mengi huzikwa. Posho ya waandishi iwe ndani ya gharama hiyo tangu mwanzo, isisubiri mauzo.

Madukani huwa ni mali kauli: nakala 10 kwa duka, zisizidi, duka libaki na asilimia 30, daftari lisainiwe pande zote mbili, mrudi baada ya siku 30 kuhesabu na kuchukua zilizobaki. Nakala zisizofuatiliwa hupauka dirishani na hamtazipata. Mauzo makubwa yatakuwa siku ya uzinduzi, kwa hiyo wekeni lipa namba ionekane, na chenji iwepo.

---

KalamuYaIgoma

Hapa nimepata zaidi ya nilichoomba. La mwisho: mwenzetu mmoja anapendekeza kila anayetuma kazi alipe ada ndogo, 2,000, ya kuchangia uchapaji. Mnaonaje?

---

MezaYaMhariri

Hapana, ndugu yangu. Mnaotaka kuwapata ni mwanafunzi wa Ukerewe na binti anayepima dagaa; 2,000 itawachuja hao kwanza na kuwaacha wenye uwezo. Tena ukishapokea fedha ya mtu, kumwambia ukweli kuhusu hadithi yake kunakuwa kugumu, na yeye ana haki ya kuona ameinunua nafasi.

Kama fedha ni pungufu, shusheni kurasa ziwe 32. Hiyo ni karatasi 8 kwa nakala, 1,600 kwa zote, rimu 4 na akiba ya 400 inabaki. Jumla ya kurasa za kukaa pamoja itakuwa 33 badala ya 49. Hadithi 2, mashairi 6 na insha moja, kila moja ikiwa imepita raundi mbili. Tangazeni wito wiki ya kwanza ya mwezi, mfunge baada ya wiki 6, majibu siku 30 baadaye, uhariri wiki 8, uchapaji wiki 3. Mkianza Januari, mnapokea nakala mwanzoni mwa Juni, na mvua za masika zimeshaisha.